Kwa Nini Kompyuta Kuukuu Bado Zinachapa Kazi

Kila Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, maduka ya sare mjini Nakuru hujaa wazazi wanaosubiri sweta zitiwe beji, na nyuma ya kaunta mashine ya kudarizi huchoma sindano kuanzia asubuhi hadi taa za barabarani ziwake. Mashine za aina hiyo, ambazo nyingi hufika nchini zikiwa zimeshatumika ng'ambo, mara nyingi huwa na tundu la disketi ubavuni, na kando yake utakuta kompyuta ya mezani yenye skrini nene ya kioo ambayo kijana aliyezaliwa mwaka 2005 anaweza kuidhania televisheni. Mzazi anayeiona hukata shauri kwamba mwenye duka ameshindwa kununua kompyuta mpya. Huenda ana haki ya kufikiri hivyo, lakini mara nyingi uwezo wa mfuko si sababu kuu. Kompyuta ile imebaki pale kwa sababu za kiufundi zinazoeleweka, na sababu hizohizo ndizo zinazoeleza ni wapi kompyuta kuukuu inafaa kuachwa iendelee na kazi na ni wapi inahatarisha biashara ya mwenyewe.

Jambo la msingi ni kwamba umri wa kompyuta hautegemei kalenda peke yake. Unategemea kitu ambacho kompyuta hiyo inazungumza nacho. Inayozungumza na chuma, iwe ni sindano, mizani au boila, hubaki na manufaa kwa muda ambao chuma chenyewe kipo, kwa kuwa chuma hakibadilishi lugha yake. Inayozungumza na intaneti huzeeka kwa ratiba iliyopangwa na watu wengine, wala mwenyewe haombwi ruhusa.

Tuanze na mifano ya mbali, maana imeripotiwa vizuri na inaonyesha jambo lenyewe waziwazi. Commodore 64 ilitoka mwaka 1982 ikiwa kompyuta ya nyumbani ya kuchomekwa kwenye televisheni, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 na prosesa ya kasi ya karibu megahezi 1. Mwaka 2016 vyombo vya habari viliripoti kwamba karakana moja ya magari mjini Gdańsk, Poland, ilikuwa bado inatumia kompyuta ya familia hiyo kusawazisha shafti za propela, kazi iliyoifanya kwa miaka isiyopungua 25, na kwamba hata mafuriko yaliyoingia karakanani hayakuizima moja kwa moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo iliripotiwa habari ya Grand Rapids, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ambako kompyuta moja ya Amiga iliyonunuliwa katika miaka ya 1980 ilikuwa bado inawasha na kuzima boila, feni na pampu katika shule 19. Programu yake iliandikwa na mwanafunzi wa sekondari, na kila ilipoleta shida aliitwa yeye, akiwa sasa mtu mzima anayeishi eneo lilelile. Kuubadilisha mfumo mzima kulikadiriwa kugharimu kati ya dola milioni 1.5 na milioni 2. Amiga hiyo ilifikisha amri zake shuleni kwa modemu ya biti 1,200 kwa sekunde na kwa mawimbi ya redio, na kwa kuwa masafa hayo yalitumiwa pia na redio za mkononi za mafundi wa shule, wakati mwingine wote walilazimika kunyamaza kwa hadi dakika 15 ili kompyuta ipate nafasi ya kusema.

Mtu anaweza kushangaa kwamba mashine dhaifu kiasi hicho inamudu kazi ya karakana. Hesabu huondoa mshangao huo. Shafti ya propela ni ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, na upande wake mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine, gari hutetemeka na krosi huisha upesi. Ili kuusawazisha, fundi huuzungusha juu ya mtambo wenye vihisi vinavyosoma mtikisiko, kisha mtambo humwonyesha mahali pa kuongeza kipande cha chuma. Tuseme shafti inazunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Prosesa ya Commodore hupiga mapigo karibu milioni 1 kwa sekunde, kwa hiyo katika kila mzunguko ina mapigo karibu 20,000 ya kusoma vihisi, kujumlisha na kukumbuka. Nafasi hiyo inatosha kabisa, na shafti za leo hazihitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ya za mwaka 1990 ili zisawazishwe.

Kwetu hapa Commodore na Amiga hazikuenea. Zilizotufikia kwa wingi ni kompyuta za ukoo wa IBM PC, ile iliyozinduliwa mwaka 1981: Pentium za kila kizazi zilizotoka katika ofisi za Ulaya na Marekani, zikapita bandarini Mombasa, zikauzwa tena kwa saiba, shule, makarakana na nyumba za watu. Nyingi kati ya hizo zilizoendelea kuishi zimejificha katika kazi moja mahususi, na kazi ya kudarizi ndiyo inayofaa kutazamwa kwa karibu.

Mashine nyingi za kudarizi husoma faili za muundo unaoitwa DST, uliotokana na kampuni ya Tajima ya Japani. Ndani ya faili hiyo hamna picha ya beji. Kuna orodha ndefu ya mishono: sogea kulia kiasi hiki, panda kiasi hiki, choma, sogea tena, choma, simama, badilisha rangi ya uzi. Kila mshono huandikwa kwa baiti 3. Kipimo chake ni sehemu ya kumi ya milimita, na sindano hairuhusiwi kuruka zaidi ya milimita 12.1 kwa hatua moja, kwa hiyo mruko mrefu zaidi hukatwakatwa kuwa hatua kadhaa. Mwanzoni mwa faili kuna utangulizi wa baiti 512 unaotaja jina la kazi, idadi ya mishono na ukubwa wa eneo litakaloshonwa.

Sasa tuchukue beji ya shule yenye mishono 12,000, yenye ngao, mwenge na kaulimbiu iliyopinda chini yake. Mishono hiyo huchukua baiti 36,000, na ukiongeza utangulizi unapata baiti 36,512. Disketi ya inchi 3.5, ambayo vijana wanaijua kama alama tu ya kuhifadhi kazi kwenye skrini, hubeba baiti milioni 1.4 na ushei, kwa hiyo disketi moja hubeba beji za shule karibu 40. Mashine ikishona kwa kasi ya mishono 800 kwa dakika, beji yetu huchukua dakika 15, na katika dakika hizo mashine inahitaji kupokea baiti 40 tu kwa kila sekunde. Mwenye duka akinunua leo kompyuta ya bei ghali kuliko zote za mtaa mzima, beji itatoka kwa dakika zilezile 15. Kinachoamua mwendo wa kazi ni uzi kukatika, sindano kupata joto na kitambaa kuvutika.

Hapo ndipo wengi wanapokosea katika kufikiri juu ya kompyuta kuukuu. Wanalinganisha kasi ya kompyuta mbili, ilhali swali lenye maana ni kasi ya kazi yenyewe. Mashine ya kudarizi hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi au zaidi, na kompyuta iliyo kando yake ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika chumba kile. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayetupa mashine inayoshona vizuri kwa sababu kompyuta inayoilisha faili inaonekana mzee.

Katika ukanda wa miwa, kuanzia Muhoroni hadi Mumias, tunaona mpango unaofanana na huo kwenye mizani. Trekta lenye miwa hupanda jukwaa. Chini ya jukwaa mna seli za uzani zinazogeuza mgandamizo kuwa umeme mdogo sana. Kisanduku cha kuonyesha uzani hugeuza umeme huo kuwa tarakimu na kuzituma kwa kebo hadi kwenye kompyuta. Lugha inayotumika kwenye kebo hizo mara nyingi ni RS-232, kiwango kilichowekwa mwaka 1960, kabla ya Kenya kupata uhuru. Katika mwendo wa kawaida wa biti 9,600 kwa sekunde, kebo hiyo hupitisha herufi 960 kila sekunde, na uzani wa trekta moja pamoja na alama zake ni herufi zisizofika 20. Tena karani anahitaji kumpa mkulima nakala, dereva nakala na kampuni nakala, na kazi hiyo hufanywa vizuri na printa ya pini, ile inayopiga kelele, kwa sababu pini zake hugonga utepe wa wino kwa nguvu inayopenya hadi kwenye karatasi za kaboni zilizo chini. Printa ya leza au ya wino haigongi chochote, kwa hiyo haiwezi kutoa nakala tatu kwa mpigo mmoja.

Matundu ambayo hayapo tena

Fundi akiamua kubadilisha kompyuta ya namna hiyo, kikwazo cha kwanza huwa matundu yaliyoko nyuma yake. Kompyuta za zamani zilikuwa na tundu la pini 9 la RS-232 na tundu la pini 25 la printa, lijulikanalo kama LPT. Laptopu za leo hazina hata moja kati ya hayo, na dukani utauziwa kebo ya kugeuza USB iwe tundu la zamani. Kwa RS-232 kebo hiyo kwa kawaida hufanya kazi vizuri, na ndiyo maana mizani nyingi zinaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta mpya bila taabu kubwa. Kwa LPT mambo ni mengine, na inafaa kueleza kwa nini, maana watu wamepoteza fedha hapa.

Tundu la LPT lilikuwa na nyaya 8 za data, na programu ya DOS, mfumo endeshi uliotangulia Windows, au ya Windows 98 iliweza kuziamuru moja kwa moja: iandike namba fulani kwenye anwani 378 ya mfumo wa hesabu wa kumi na sita, na papo hapo nyaya zinazohusika zitapanda hadi volti 5. Hakukuwa na mtu wa kati. Ndiyo sababu mafundi walilitumia kwa mambo yasiyohusiana kabisa na uchapishaji: kuendesha mota za mashine za kuchonga mbao, kuandika data kwenye chipu za redio na televisheni, kusoma vihisi. Mifumo ya ukoo wa Windows NT, ikiwemo XP, iliziba njia hiyo ya moja kwa moja kwa sababu za usalama, na ikataka programu ipitie kwa dereva maalumu, yaani programu ndogo inayoongoza kifaa. Kebo ya USB nayo haina anwani 378 ndani yake. Inajua kuzungumza na printa tu, tena kwa vifurushi: USB ya kizazi cha kwanza hugawa muda katika vipande vya milisekunde 1. Kwa barua inayochapwa, milisekunde 1 si kitu. Kwa mota inayosubiri pigo kwa wakati kamili, ni kuchelewa kunakoharibu ubao.

Kuna tatizo jingine linaloishi katika tundu hilohilo. Programu nyingi za kuchora beji na kuzigeuza kuwa mishono ziliuzwa pamoja na kidude kidogo cha leseni kilichochomekwa kwenye LPT, na bila kidude hicho programu hukataa kufunguka. Aliyenunua programu miaka 20 iliyopita anaweza kuwa na diski zake zote, lakini kidude kikipotea au kikiungua, leseni imekwenda nacho, na pengine kampuni iliyokiuza ilishafungwa. Commodore yenyewe, iliyouza mamilioni ya kompyuta, ilifilisika Aprili 1994. Katika karakana nyingi, kompyuta kuukuu imebaki ili kidude hiki kipate mahali pa kuchomekwa, na hapo ni sahihi kusema kwamba kompyuta ndiyo inayokitumikia.

Uimara, na namna zinavyokufa

Mara nyingi husemwa kwamba vitu vya zamani vilitengenezwa kwa uimara zaidi. Kuna ukweli ndani yake, lakini pana haja ya kuuchuja. Prosesa ya 6502 ya mwaka 1975, ambayo ni nyanya wa ile iliyomo ndani ya Commodore 64, ina transista, yaani swichi ndogo sana za umeme, karibu 3,500, huku chipu ya Apple M1 ya mwaka 2020 ikiwa na bilioni 16. Transista za zamani ni kubwa na zina nafasi ya kutosha kati yake. Programu ya kuwashia Commodore imechongwa ndani ya chipu za kilobaiti 20 kwa jumla, kwa hiyo mashine huwa tayari kwa sekunde chache, na umeme ukikatika ghafla hakuna faili ya mfumo inayoharibika. Kwa mji ambao stima hupotea bila taarifa, sifa hiyo ni ya thamani kubwa. Kitabu chake rasmi cha waandishi wa programu kilikuja na mchoro mzima wa saketi, ili fundi yeyote aweze kufuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Ninaona ni hasara kubwa kwamba desturi hiyo ya kumpa mnunuzi ramani ya kitu alichokinunua imetoweka.

Hata hivyo tunaziona zilizobaki, hatuzioni zilizokufa. Kwa kila Pentium inayoendelea kuchapa kazi, kuna nyingine nyingi zilizoishia kwenye lundo la vyuma chakavu, na kuitazama hiyo moja na kusema kwamba za zamani hazifi ni kujidanganya. Zinakufa, na zinakufa kwa njia zinazojulikana.

Ya kwanza ni kapasita za majimaji, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi kuu na ndani ya kisanduku cha umeme. Ndani yake mna kimiminika kinachokauka polepole, na kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba maisha ya kapasita huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itaishi kama saa 32,000 ikikaa katika nyuzi 65, na kama saa 64,000 ikikaa katika nyuzi 55. Duka linalofanya kazi saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hutumia saa 3,120 kwa mwaka. Kwa hiyo tofauti ya nyuzi 10 ndiyo tofauti kati ya miaka 10 na miaka 20. Kwa hesabu hiyo, vumbi la Nakuru lililoziba feni linaweza kukata nusu ya maisha ya kompyuta, na chumba chenye joto cha Kisumu kisichopitisha hewa kinaweza kufanya vivyo hivyo. Kusafisha feni kwa brashi na hewa kila mwisho wa muhula ni kazi ya dakika chache, na hakuna matengenezo mengine yenye faida kubwa kuliko hayo kwa gharama ndogo kiasi hicho. Pia ni vyema kujua kwamba kompyuta nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 zilitiwa kapasita mbovu, na hizo ni Pentium za miaka ileile zilizotufikia kwa wingi. Dalili yake huonekana kwa macho: kichwa cha kikopo kimevimba au kimetoa ute wa kahawia.

Ya pili ni betri. Amiga 2000 na kompyuta nyingine za wakati wake zilikuwa na betri ya kuchajiwa iliyoshikizwa kwenye bodi kuu, na betri hiyo ikizeeka huvuja dawa inayokula njia za shaba na kuacha ukutu wa kijani. Ukiikuta, ing'oe kwanza, kisha safisha mahali pale kwa siki kidogo, kwa kuwa dawa hiyo ni ya alikali na asidi ya siki huituliza, halafu suuza kwa spiriti na uache pakauke. Pentium zina betri ya duara ya volti 3 ambayo kwa kawaida haivuji, lakini ikiisha kompyuta husahau tarehe na, katika zile za zamani zaidi, husahau hata aina ya diski iliyomo ndani yake. Kompyuta nyingi zimetangazwa kufa ilhali zilihitaji betri ya bei ya soda.

Ya tatu ni radi, na hapa wakazi wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuelezwa mengi. Wengi huchomoa waya wa umeme mvua inapoanza kunguruma na kusahau kebo ya data. Kebo ndefu inayotoka kwenye mizani hadi ofisini hudaka msukumo wa umeme wa radi iliyopiga karibu, na msukumo huo huingia kwa tundu la RS-232 na kuunguza bodi kutoka mlango wa nyuma. Kuna kifaa kidogo kinachowekwa katikati ya kebo, ambacho hugeuza ishara kuwa mwanga na kuurudisha tena kuwa umeme, hivyo pande mbili hazigusani kwa waya. Panapopimwa mazao ya maelfu ya wakulima, kifaa hicho hakipaswi kukosekana.

Kompyuta inapotakiwa kuzungumza na dunia

Yote hayo yanahusu kompyuta inayozungumza na chuma. Mambo hubadilika kabisa mara mwenye duka anapotaka kompyuta ileile itoe ankara za kodi, isome barua pepe au ifungue tovuti ya benki.

Windows XP ilianza kuuzwa Oktoba 2001, na Microsoft ikaacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Tangu wakati huo matundu ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi, isipokuwa katika dharura chache kama ile ya Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipoenea duniani na kampuni ikalazimika kutoa kiraka hata kwa XP. Zaidi ya hayo, tovuti hulinda mawasiliano kwa kanuni za usimbaji ambazo hubadilishwa kila baada ya muda. Kanuni ya TLS 1.0, ambayo ndiyo XP inaijua kwa asili yake, iliachwa na vivinjari vikuu mwaka 2020, na kivinjari cha Chrome chenyewe kilikoma kutoa matoleo ya XP mwaka 2016. Kwa hiyo kompyuta inayoshona beji bila kosa hata moja inaweza kushindwa kufungua ukurasa wa kwanza wa tovuti ya serikali. Haijaharibika, mwenzake wa upande wa pili ndiye aliyebadilisha lugha.

Hili si jambo la nadharia. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama za biashara nchini Kenya zinatakiwa kuthibitishwa kwa ankara ya kielektroniki inayopitia mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru, KRA, ili zikubaliwe katika hesabu ya kodi. Mwenye duka la sare anayeziuzia shule kwa kawaida hutakiwa kutoa ankara hiyo. Jibu lenye busara ni kutenganisha majukumu: ankara zitoke kwenye simu au kompyuta mpya ya bei nafuu, na kompyuta ya kudarizi isiwahi kuunganishwa na intaneti kabisa. Wenye kulazimisha mashine moja ifanye yote mawili hupoteza yote mawili, maana virusi vinavyoingia kwa ajili ya ankara ndivyo vitakavyofuta beji za miaka 15.

Hata kompyuta isiyo na intaneti haiko salama kabisa, kwa sababu flashi diski hutembea. Mteja huja na beji yake ndani ya flashi iliyotoka saiba, na virusi vinavyojirusha vyenyewe flashi inapochomekwa vimewasumbua watu hapa kwa miaka mingi. Faili za wateja zipokelewe kwenye ile kompyuta mpya, zikaguliwe huko, kisha zipelekwe kwa flashi ya duka ambayo haitoki nje.

Kuhusu tarehe, watu huuliza kama kutatokea tena hofu ya mwaka 2000, ile ya kompyuta kukosea tarehe. Mifumo inayohesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa namba ya biti 32 itafika ukomo wake tarehe 19 Januari 2038, ambapo kwa saa zetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. DOS huhifadhi tarehe za faili kwa njia nyingine na haiguswi na ukomo huo. Mashine ya kudarizi haijali tarehe. Mizani inayochapa stakabadhi inajali sana.

Mwenye kuamua kuendelea na kompyuta kuukuu anapaswa kwanza kutengeneza nakala kamili ya diski nzima, siyo ya faili za beji peke yake, kwa kuwa programu, madereva na mipangilio yake ndivyo vigumu kuvipata tena. Diski za zamani zenye sahani zinazozunguka ndizo hufa bila kuaga. Inapowezekana, badala yake iwekwe kadi ya CompactFlash, ambayo huelewa lugha ileile ya IDE ya diski za wakati huo na huhitaji adapta rahisi tu. Kwa disketi, ambazo Sony iliacha kuzitengeneza mwaka 2011 na ambazo ubora wake hushuka kila mwaka, kuna kifaa kinachoingia mahali pa kisomeo na kuifanya flashi ionekane kama rundo la disketi. Mashine yenyewe haitambui tofauti. Programu za DOS zisizotegemea LPT zinaweza hata kuhamishiwa ndani ya kompyuta mpya inayoigiza ile ya zamani, mradi kidude cha leseni hakihusiki.

Kisha kuna maarifa. Wale wa Grand Rapids walikuwa na bahati kwamba mwandishi wa programu yao hakuhamia mbali. Katika miji yetu, fundi aliyepanga kompyuta mwaka 2004 huenda yuko Ughaibuni au ameshafariki, na karani anayeijua anakaribia kustaafu. Hatua za kuwasha, nywila, mwendo wa kebo na jina la kila faili muhimu viandikwe kwenye karatasi na karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati.

Kuna pia wakati wa kuiacha. Pentium 4 na skrini yake ya kioo ikila wati 150 kwa saa 10, siku 26 kwa mwezi, hutumia yuniti 39 za umeme. Kompyuta ndogo ya kisasa inayomudu kazi hiyohiyo inaweza kula chini ya sehemu ya kumi ya hizo. Ikiwa kifaa kinachohudumiwa kinazungumza RS-232 ya kawaida na hakuna kidude cha leseni, sababu ya kubaki na ya zamani ni ndogo, na ningehama. Inayostaafu isitupwe jalalani, kwa kuwa glasi ya skrini yake ina madini ya risasi. Kisanduku cha umeme, kumbukumbu na kibodi yake vinaweza kuwa akiba ya nyingine inayoendelea.

Palipo na LPT, leseni ya zamani au mashine ya gharama kubwa, inunuliwe kompyuta ya pili ya aina ileile ingali inapatikana, iwekewe nakala ya diski, na isifungiwe stoo kwa miaka, maana kapasita huharibika hata zikiwa zimelala. Kila likizo ya Agosti, duka likiwa tulivu, ile ya akiba iunganishwe na mashine na ishonwe beji nzima juu ya kitambaa cha majaribio, kuanzia mshono wa kwanza hadi wa mwisho.